Mali Bila Daftari: Habari za Hospitali ya Shirati, Mkoa wa Mara



Msimu wa karafuu ukifika, neno la hospitali huwa midomoni mwa watu kuliko siku nyingine zote. Mchumaji huteleza juu ya mkarafuu akaanguka, mtoto hushikwa na homa dago, na mama mja mzito hupatwa na uchungu wakati watu wote wako shamba. Hapo ndipo mtu hujua kama hospitali iko karibu au iko mbali, na kama waliomo ndani yake wanaijua kazi yao au hawaijui. Kwa hiyo tumeona ni vema safari hii tuwaeleze habari za hospitali moja ya bara, iliyo mbali sana na minazi na mikarafuu yetu. Hatuielezi kwa kuwa ni kubwa kuliko nyingine, maana si kubwa. Twaieleza kwa sababu kazi iliyofanywa pale yatuhusu sisi wa visiwani kuliko wengi wetu tunavyodhani.

MAHALI ILIPO

Hospitali hiyo ni ya Shirati, katika Mkoa wa Mara, kaskazini ya Tanzania Bara, kandokando ya Ziwa Viktoria na karibu na mpaka wa Kenya. Mkoa wa Mara ndio alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, katika kijiji cha Butiama, na mji wake mkuu ni Musoma. Ukitoka Musoma kwenda upande wa Kiriba, Mugango na Majita, wako Wajita, watu wa kuvua samaki na kulima mihogo na pamba. Ukienda upande wa kaskazini, ukauvuka Mto Mara, unawakuta Wajaluo katika nchi ya chini iliyo karibu na ziwa, na Wakurya katika nchi ya juu ya Tarime. Mtu wa Kiriba akiugua sana hupelekwa Musoma. Mtu wa Rorya, ambako ndiko kuliko Shirati, amezoea kwa miaka mingi kukimbilia Shirati.

Nchi ile ya kando ya ziwa ni ya joto, ina mvua za kutosha, na ina mbu wengi. Mambo matatu hayo tuyashike, maana tutayarudia mbele.

JINSI ILIVYOANZA

Shirati ilijulikana kabla ya kuwa na hospitali. Wadachi walipoitawala Tanganyika walikuwa na boma lao hapo. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ulizuka ugonjwa wa malale kuzunguka ziwa lote, ukaua watu wengi mno, hasa upande wa Uganda. Wadachi walimtuma mganga wao mashuhuri, Robert Koch, ambaye mwaka 1906 na 1907 alifanya kazi yake katika visiwa vya Sese. Katika nchi waliyoitawala wao waliweka kambi za kuwatibu wagonjwa wa malale, na Shirati ilikuwa moja katika mahali hapo. Dawa iliyotumika iliitwa atoksili. Iliwapa nafuu baadhi ya wagonjwa, lakini wengine iliwapofusha macho. Vita vikaja mwaka 1914, na utawala wa Wadachi ukaondoka, na kambi zao nazo zikaondoka.

Hospitali ya sasa ina asili nyingine. Mwaka 1934 walifika Shirati wamisheni wa Kimenoniti kutoka Marekani, mmoja wao akiwa Elam Stauffer, wakajenga kituo chao juu ya kilima cha Katuru. Baada ya hapo walifungua vituo vingine katika nchi ya Musoma, kama Bukiroba mwaka 1935 na Mugango mwaka 1936. Kama ilivyokuwa katika vituo vingi vya namna hiyo, kazi ya matibabu ilianza kwa vitu vidogo: vidonda, macho, homa, na wanawake waliozidiwa na uzazi. Lakini wagonjwa waliongezeka, na Shirati ndiyo iliyokua ikawa hospitali.

Mambo mawili yaliifanya isimame. La kwanza ni kwamba haikukaa juu ya wageni peke yao. Katika miaka ya 1960 palifunguliwa shule ya wauguzi papo hapo, na vijana wa nchi ile wakaanza kujifunza kazi mahali watakapoifanyia. Shule hiyo imekua hata kuwa chuo cha sayansi za afya. La pili ni kwamba kanisa lenyewe lilipita mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1967 Zedekia Kisare, mtu wa nchi hiyo hiyo, aliwekwa kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Basi wageni walipopungua, kazi haikufa, kwa kuwa waliobaki walikuwa wenyewe.

HUDUMA ZAKE, NA NANI ALIPAYE

Wako wanaodhani kwamba hospitali ya jamii ni nyumba yenye vitanda na daktari mmoja. Hospitali kama Shirati ni kazi nyingi pamoja. Iko sehemu ya wagonjwa wanaokuja na kurudi kwao, iko ya wanaolazwa, wako wazazi na watoto wachanga, uko upasuaji, iko maabara ya kupima damu na choo, na iko sehemu ya kutolea dawa. Tena ziko kazi zisizoonekana na mpita njia: chanjo za watoto, kliniki ya wajawazito, na matunzo ya wenye kifua kikuu na ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Shirati ilijulikana pia kwa kazi ya ukoma. Mgonjwa wa ukoma hatibiwi siku moja akaenda zake. Dawa yake ni ya miezi mingi, na zamani ilikuwa ya miaka. Yataka mtu wa kumfuata hata kwake, ajue kama amekunywa dawa au ameiacha. Kazi hiyo ya kuwafuata watu majumbani, kama tutakavyoona, ndiyo iliyoiwezesha Shirati kufanya jambo kubwa zaidi.

Na fedha hutoka wapi? Hutoka mifukoni mwa watu wa namna nyingi. Mgonjwa hulipa sehemu yake, ama kwa taslimu ama kwa bima. Wafadhili huleta vyombo na majengo. Na Serikali nayo ina fungu lake, kwa njia ambayo inafaa tuieleze.

Mwaka 1977 ilitungwa sheria Tanzania Bara iliyokataza matibabu ya kibiashara ya watu binafsi, na katazo hilo lilidumu mpaka mwaka 1991. Lakini hospitali za madhehebu na mashirika yasiyotafuta faida ziliruhusiwa kuendelea. Tena Serikali iliona kwamba ziko wilaya ambazo haina hospitali yake, na ndani ya wilaya hizo iko hospitali ya misheni inayofanya kazi njema. Basi badala ya kujenga ya pili, ilifanya mkataba: hospitali itabaki mali ya mwenyewe, Serikali itasaidia mishahara, dawa na ruzuku, na hospitali itamhudumia kila mtu wa wilaya bila kumwuliza dini yake. Hospitali ya namna hiyo huitwa hospitali teule. Wilaya ya Rorya ilipokatwa kutoka Tarime mwaka 2007, Shirati ndiyo iliyopewa kazi hiyo.

Mkataba wa namna hii una faida, na una hatari yake. Faida ni kwamba mwananchi hupata hospitali bila kungoja miaka mingi. Hatari ni kwamba hospitali huzoea kuegemea mkono mmoja. Kuanzia mwaka wa fedha 2018/19 Serikali ilianza kujenga hospitali mpya za halmashauri 67 kwa mara moja. Hilo ni jema kwa wananchi. Lakini kila hospitali teule imepaswa kujiuliza: itakapokuwa jirani yangu ni hospitali ya Serikali, watumishi na ruzuku vitakwenda wapi? Hospitali itakayoweza kujibu swali hilo ni ile ambayo watu wake wanaihesabu kuwa yao, na wanalipia bima kabla hawajaugua.

DAFTARI LA SHIRATI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tumeandika habari hii.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Uganda, aitwaye Denis Burkitt, aliandika habari za uvimbe mbaya unaowapata watoto. Huanza mara nyingi katika taya: meno hulegea, shavu huvimba, na pengine jicho husukumwa nje. Kwa watoto wengine hutokea tumboni. Ni saratani, tena yenda mbio sana. Uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Hata leo uvimbe huo huitwa kwa jina la Burkitt.

Burkitt alitaka kujua kwa nini uvimbe huo waonekana mahali fulani na hauonekani mahali pengine. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kukuu wakasafiri maelfu ya maili, hospitali hata hospitali, katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, wakiuliza swali moja: je, mwawapata watoto wa namna hii? Walipochora ramani, waliona kwamba uvimbe wapatikana penye joto na mvua, na haupatikani katika nchi za juu zenye baridi. Ramani hiyo yalingana sana na ramani ya malaria. Mwaka 1964 wataalamu wa London, katika vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwao kutoka Uganda, waliona kirusi ambacho leo huitwa kirusi cha Epstein na Barr. Lakini kirusi hicho kimo karibu katika watu wote wa dunia, na wengi hakiwadhuru kitu. Basi lazima liwepo jambo la pili linalomsaidia. Je, jambo hilo ni malaria?

Swali hilo haliwezi kujibiwa katika mji mkubwa, ambako wagonjwa hutoka kila upande na hakuna ajuaye wametoka katika watoto wangapi. Lataka mahali ambapo watu hawahamihami sana, wenye hospitali moja wanayoiamini, na hospitali hiyo iwe inaandika. Mahali hapo palikuwa Shirati. Wagonjwa wa uvimbe huo katika Mara ya Kaskazini waliandikwa mmoja mmoja tangu mwaka 1964: mtoto wa nani, wa kijiji gani, ameanza kuugua lini. Mwaka 1973 daktari wa Shirati, Glenn Brubaker, pamoja na wenzake, walitangaza hesabu ya miaka ya 1964 hadi 1970. Walitazama kama watoto hao waliugua karibu karibu kwa mahali na kwa wakati, kama inavyokuwa kwa surua. Hawakuona hivyo. Maana yake ni kwamba uvimbe huu haumrukii mtoto kutoka kwa mwenziwe, wala mzazi asiogope mwanawe kucheza na mgonjwa.

Kisha ikaja kazi kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa Mara ya Kaskazini walio chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini kila baada ya majuma mawili, ili malaria ishuke, na itazamwe kama uvimbe nao utashuka. Hebu fikirini kazi hiyo: kila kijiji, kila nyumba, kila mtoto, mwaka baada ya mwaka. Isingewezekana kama watu hawakuwa wameizoea hospitali kuja mlangoni kwao.

Mwanzo wake ulikuwa mwema. Kabla ya hapo, kama thuluthi moja mpaka karibu nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Katika mwaka wa kwanza hesabu hiyo ilishuka mpaka karibu 13 katika kila 100. Lakini haikukaa. Vijidudu vilianza kuzoea klorokwini, na malaria ikapanda tena ingawa vidonge vilikuwa vikigawanywa bado. Na uvimbe? Nao ulishuka, ukafika mwaka 1980 na 1981 kiwango cha chini kuliko kilichopata kuandikwa pale, kisha baada ya kazi kwisha ukapanda tena. Walioifanya kazi hiyo walitangaza matokeo yao mwaka 1989, na walisema kweli yote: kwamba uvimbe ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, kwa hiyo hawawezi kuapa kwamba vidonge peke yake ndivyo vilivyoupunguza. Sisi twaona kwamba maneno hayo yawapa heshima kuliko kama wangejigamba. Na tazameni: waliweza kujua kwamba upungufu ulianza mapema kwa sababu tu daftari lilikuwepo tangu 1964. Pasipo daftari hilo, wangejidanganya wao, na wangetudanganya na sisi.

VISIWA VYETU KATIKA HABARI HII

Unguja na Pemba zimo katika habari hii tangu mwanzo. Visiwa vyetu vina joto na mvua kama pwani ya bara, na kwa kuitazama ramani ya Burkitt mtu angetazamia kuwaona watoto wengi wenye uvimbe huo. Lakini walikuwa adimu. Waliotoa hoja ya malaria waliitaja Unguja na Pemba kuwa moja ya dalili zao, kwa kuwa hapa malaria ilikuwa imepigwa vita sana. Wazee wetu wanakumbuka watu wa kupiga dawa ya mbu wakiingia nyumba hata nyumba na mabomba yao mgongoni, katika ile kazi iliyosaidiwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Malaria ilishuka mno. Kisha mwaka 1968 kazi ikasimama, na katika miaka iliyofuata malaria ikarudi kwa nguvu.

Ilitupasa kuanza upya. Mwaka 2003 Zanzibar iliiacha klorokwini, ambayo haikufaa tena, ikachukua dawa mseto. Tangu mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa viligawanywa kwa wingi na nyumba zikapigwa dawa, na baada ya miaka michache hesabu ya wenye vijidudu ilishuka chini ya 1 katika kila 100. Lakini vijidudu havijaisha duniani. Husafiri ndani ya damu ya watu wanaotoka na kuingia, na msimu wa karafuu ni wakati wa watu wengi kutoka na kuingia.

Twaona basi kwamba Mara na visiwa vyetu walifundishwa somo moja kwa njia mbili. Kazi ya afya ikiachwa katikati, ugonjwa haungojei, hurudi. Na asiyehesabu hajui kama umerudi mpaka umemfikia kitandani.

YATUPASAYO SISI

Mwenye shamba hahitaji kuelezwa faida ya kuandika. Hakuna mwanachama anayepeleka karafuu zake kwenye mzani akarudi pasipo kujua uzito na daraja. Na wazee wanajua kwamba mikarafuu ilipokuwa ikifa ghafla, wataalamu hawakuanza kwa dawa. Walianza kwa kuhesabu mti kwa mti, upi umekufa, upi u hai, na upi unanyauka. Mwili wa mwanadamu wastahili angalau hesabu kama ya mkarafuu.

Kwa hiyo twawakumbusha wanachama mambo haya:

Kwanza, kadi ya kliniki ya mtoto na karatasi za hospitali ziwekwe pamoja na stakabadhi za karafuu, mahali pakavu. Daktari asiyekujua huanza na karatasi hiyo.

Pili, mtoto mwenye uvimbe wa taya, au meno yaliyolegea pasipo sababu, au tumbo linalojaa haraka, asipelekwe kung'olewa jino na kurudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali upesi, na akiandikiwa kwenda hospitali kubwa zaidi, kama Muhimbili, au Bugando kwa walio upande wa ziwa, asicheleweshwe. Saratani hii huenda mbio, lakini ni moja katika zile zinazoitikia dawa vizuri, na watoto wengi hupona wakiwahi na wakimaliza dawa zao.

Tatu, mwenye homa apimwe damu kabla ya kumeza kitu, na akipewa dawa aimalize yote, hata kama ameona nafuu siku ya pili. Klorokwini iliyotumika Mara na kwetu haikushindwa siku moja. Vijidudu viliizoea kidogo kidogo.

Nne, mchumaji akianguka asiinuliwe kwa kukalishwa, wala asipakiwe juu ya baiskeli au pikipiki. Alazwe juu ya ubao au kitu kigumu kilichonyoka, shingo na mgongo visipinde, ndipo achukuliwe. Na saa aliyoanguka iandikwe.

Tano, tusiingoje siku ya ugonjwa ndipo tuulize habari za bima na michango. Shirati imedumu tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili kwa sababu watu wake waliitumia, waliilipia, na waliwapeleka watoto wao kusoma kazi ndani yake. Hospitali ya jamii haiwi ya jamii kwa kuandikwa hivyo juu ya mlango.

Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ni mali. Basi kila mmoja atazame leo ndani ya sanduku lake kama kadi za watoto wake zipo, na kama hazipo aende akaziulize kituoni kabla msimu haujaanza.